Sura ya Nne: Ukuta wa Katikati

Dereva anayetanua, yaani anayehamia upande wa pili wa barabara ili aipite foleni, anaijua sheria. Anajua maana ya mstari mweupe usiokatika, anajua upande ule ni wa magari yanayokuja, na ukimrudisha leo kwenye mtihani wa leseni atajibu bila kusita. Kwa hiyo kampeni za elimu ya usalama barabarani, pamoja na wiki zake na vipeperushi vyake, kwa sehemu kubwa zinamweleza mtu huyu jambo ambalo hajawahi kulisahau. Anachokijua vizuri zaidi ni hesabu nyingine. Anajua trafiki yuko kwenye makutano na hayuko katikati ya foleni. Anajua kwamba akivunja sheria mara nyingi atakamatwa mara chache, na kwamba akishayapita magari yote yale, mwisho wa foleni hakosi mtu wa kumpisha, ama kwa huruma, ama kwa kuogopa kukwanguliwa gari. Faida ni ya sasa hivi. Adhabu iko mbali na huenda isije. Tangu karne ya 18, enzi za Mwitaliano Cesare Beccaria, wanaochunguza makosa ya jinai wamekuwa wakisema kwamba uhakika wa kuadhibiwa humzuia mtu kuliko ukali wa adhabu. Sheria zetu za barabarani zina adhabu za kutosha vitabuni, lakini uhakika huo kwenye lami ni mdogo sana.

Hesabu ya mvunja sheria, hata hivyo, ni nusu tu ya habari, na kwa maoni yangu ni ile nusu isiyo na uzito mkubwa. Mtazame dereva aliyebaki kwenye njia yake. Kila gari linalompita kulia kinyume cha sheria litajipenyeza mbele yake huko mbele, na hivyo linamwongezea muda wa kusubiri. Gharama ya kosa la mwenzake anailipa yeye, na anailipa kwa sababu ametii. Akiwa dereva wa daladala mambo ni mabaya zaidi: ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, kila safari anayoikosa inatoka mfukoni mwake, na nyuma yake abiria wanamsimanga kwamba wenzake wanapita yeye amelala. Siku moja, mbili, atavumilia. Baadaye atakata usukani na yeye. Hivyo ndivyo utovu wa sheria unavyoenea barabarani, kwa kumgeuza mtiifu kuwa mpumbavu mbele ya macho yake mwenyewe. Hoja ya sura hii ni kwamba kizuizi cha kudumu, kikijengwa vizuri, kinafanya kazi zaidi kwa kumlinda huyu wa pili kuliko kwa kumbana yule wa kwanza. Watu wengi wako tayari kufuata sheria ikiwa wana hakika kwamba wenzao nao wataifuata. Ukuta wa zege katikati ya barabara unawapa hakika hiyo usiku na mchana, bila kuuliza ndani ya gari kuna nani.

Ninaposema kizuizi, sizungumzii kile cha polisi, cha pipa na ubao na askari wawili wenye redio. Hicho kina kazi zake, lakini nguvu yake inategemea mtu aliyesimama pale, uadilifu wake, uchovu wake, na mvua kama inanyesha au hainyeshi. Madereva wanapeana ishara kwa taa kilomita nyingi kabla ya kukifikia, wanapunguza mwendo, wanapita kwa heshima zote, kisha wanakanyaga mafuta. Ninazungumzia vitu vilivyojengwa ndani ya barabara yenyewe: kuta za zege, vyuma vya pembeni na vya katikati, nyaya zilizovutwa kati ya nguzo, kingo zinazotenga njia ya basi na njia nyingine, nguzo fupi zinazozuia gari kupanda njia ya watu wa miguu. Matuta ni ndugu wa karibu wa vitu hivi. Huko Ghana, kwenye makutano ya Suhum katika barabara kuu ya Accra kwenda Kumasi, kuwekwa kwa matuta madogo ya mfululizo kulipunguza ajali kwa takriban asilimia 35 na vifo kwa takriban asilimia 55. Kikomo cha mwendo kilikuwepo kisheria kabla ya matuta yale. Barabara ndiyo iliyobadilika.

Ushahidi ulio safi kuliko wote, kwa mtu anayetaka kujua kama kizuizi kinaongeza utii wenyewe na siyo kupunguza madhara tu, unatoka mahali ambapo wengi hawapafikirii: pale reli inapokatiza barabara. Geti la kawaida la reli hufunga nusu ya barabara tu, ule upande ambao magari yanaingilia. Nusu ya pili huachwa wazi ili gari lililokwisha kuingia lisinaswe relini. Dereva mwenye haraka anaiona nafasi hiyo, anazunguka ncha ya geti kwa mwendo wa nyoka, anapita huku kengele inalia. Katika miaka ya 1990, kwenye makutano ya Sugar Creek Road mjini Charlotte, jimbo la North Carolina, Marekani, wahandisi walijaribu njia mbalimbali na kuhesabu makosa kwa kamera za video. Walipoweka kitenganishi chembamba katikati ya barabara kabla ya geti, kiasi tu cha kumzuia dereva asihame upande, makosa yalipungua kwa asilimia 77. Walipoweka mageti yanayofunga pande zote, yalipungua kwa asilimia 86. Madereva walikuwa wa mji uleule, treni zilezile, kengele ileile. Kilichotoweka ni ile nafasi, na pamoja nayo wazo la kuijaribu. Sehemu kubwa ya makosa yale hayakuwa yamepangwa nyumbani na watu wakaidi. Yalizaliwa palepale, kwa kuona njia iko wazi.

Sweden inatupa funzo pana zaidi. Nchi ile ilikuwa na barabara nyingi zenye upana wa mita 13, njia moja kila upande na mabega mapana pembeni. Kwa mazoea, gari la taratibu lilisogea begani, na la haraka lilipita katikati, hata kama mbele linakuja jingine linalofanya vivyo hivyo. Mpango huo ulionekana wa kistaarabu hadi pale mtu mmoja alipokosea, na aliyekosea aliuawa uso kwa uso akiwa kwenye mwendo wa barabara kuu. Mwaka 1997 bunge la Sweden lilipitisha lengo kwamba hatimaye asiwepo mtu wa kufa wala kujeruhiwa vibaya barabarani. Mwaka uliofuata, sehemu ya barabara ya E4 kaskazini mwa mji wa Gävle ilipangwa upya ndani ya upana uleule: njia mbili upande huu na moja upande ule, kisha baada ya umbali mfupi zinabadilishana, na katikati nyaya za chuma zilizokazwa kati ya nguzo. Palikuwa pia na barabara zilizopangwa hivyohivyo kwa rangi tu, bila nyaya. Za rangi zilileta nafuu ndogo. Zenye nyaya zilipunguza vifo kwa takriban robo tatu au zaidi, na mtindo huo ukaenea nchi nzima.

Kuna mambo mawili katika habari hii ambayo hupitwa haraka mno. La kwanza ni kwamba magari yaliyogonga zile nyaya yalikuwa mengi, na matengenezo yakawa ya mara kwa mara. Wapinzani waliyachukua kama ushahidi kwamba barabara imekuwa ya hatari, magazeti yakalalamika, waendesha pikipiki wakatabiri kwamba watakatwa vipande. Mimi nayasoma kinyume. Kila alama ya gari kwenye waya ni kosa ambalo zamani lingekutana na familia inayokuja upande wa pili. La pili linahusu tabia. Dereva wa Sweden aliyekwama nyuma ya lori hakunyimwa kupita. Alijua kwamba baada ya kilomita moja au mbili atapewa njia ya pili, halali na salama, ya kumpita mwenzake. Kizuizi kilifunga mahali pa hatari, na papo hapo barabara ikafungua mahali pengine. Subira yake ilikuwa na mwisho unaojulikana. Nitalirudia jambo hili, kwa sababu vizuizi vingi vinavyoshindwa katika Afrika Mashariki vinashindwa hapa.

Tuje Salgaa. Wakenya wanaosafiri kutoka Nakuru kwenda Eldoret wanaujua mteremko ule kwa majina ya misiba. Tarehe 31 Desemba 2017, basi na lori viligongana uso kwa uso eneo la Migaa na watu 36 wakafa. Sababu zilizokuwa zikitajwa kwa eneo hilo miaka yote ni mbili. Moja ni magari kupitana kwenye mlima, yanayopanda yakivamia upande wa yanayoshuka. Nyingine ni madereva wa malori kuondoa gia na kuliacha gari lishuke lenyewe ili kuokoa mafuta, hadi breki zinapopata moto na kukataa kushika. Baada ya misiba hiyo mamlaka za barabara ziliweka kuta za zege kutenganisha pande mbili za barabara katika sehemu hizo, na kuvamia upande wa pili kukawa jambo lisilowezekana. Kwa ile sababu ya kwanza, hiyo ilikuwa dawa yake hasa. Kwa ile ya pili, ukuta hauna la kusema. Tarehe 30 Juni 2023, kwenye makutano ya Londiani, si mbali na huko, lori lililoacha njia liliingia kwenye magari, wachuuzi na watu waliokuwa kando ya barabara, wakafa zaidi ya 50. Anayedai kwamba zege litamaliza ajali hajausikiliza mteremko ule. Ukuta unazuia kosa moja maalumu, lile la gari kuwa upande lisipostahili kuwa. Breki mbovu zinahitaji ukaguzi wa kweli na njia za dharura za kuingizia lori lililoshindwa kusimama. Soko lililoota kando ya makutano linahitaji kupewa mahali pengine panapolipa.

Dar es Salaam ina jaribio la aina nyingine, na ni la kila siku. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwezi Mei 2016 kutoka Kimara kwenda Kivukoni, Gerezani na Morocco, yalipewa njia zao katikati ya barabara, zimetengwa kwa kingo. Kwa magari ya kawaida kingo hizo zimesaidia sana: katikati ya kituo na kituo, mwenye gari dogo hana namna ya kuingia. Wanaoingia wanaingilia kwenye makutano, ambako lazima pawe wazi, na wakishaingia wanatambaa kwenye njia hiyo hadi kwenye uwazi unaofuata. Bodaboda wao hawahitaji hata makutano makubwa, maana chombo chao kinapita popote mtu anapopita. Magari ya serikali na ya vyombo vya dola yameonekana humo pia, na hili linaumiza kuliko yote, kwa sababu linamrudishia dereva wa kwenye foleni ile hisia kwamba aliyetii ndiye aliyeliwa. Hapa ndipo mpaka wa kizuizi unapoonekana. Kinapunguza idadi ya mahali ambapo sheria inaweza kuvunjwa, kutoka kilomita nzima hadi milango michache. Milango hiyo bado inahitaji kamera na askari. Lakini askari wawili wanaolinda mlango mmoja wanaweza kufanya kazi yao. Wawili hao kwenye kilomita 20 za mstari wa rangi hawawezi. Na pale mabasi yanapokuwa machache, njia tupu kando ya foleni iliyoganda ni kishawishi kikubwa kuliko ukingo wowote. Kuongeza mabasi ni sehemu ya kuilinda njia.

Pingamizi la kwanza ambalo husikika, na linatolewa na watu ninaowaheshimu, ni la maadili. Wanasema utii wa kulazimishwa na zege si utii. Tunataka dereva muungwana, anayefuata sheria hata usiku wa manane pasipo mtu, na kumzungushia ukuta ni kukiri kwamba tumeshindwa kumlea. Nalichukulia pingamizi hili kwa uzito, kwa sababu malezi ni kweli na yana nafasi yake. Hata hivyo linadhani kwamba uungwana hukua peke yake rohoni kisha ndio unatoka barabarani. Ninavyoona mimi, unakua kwa mazoea, na mazoea hukua pale yasipoadhibiwa. Dereva aliyezoea kwa miaka kwamba kubaki kwenye njia yake hakumpotezei kitu, hataona sababu ya kuiacha hata atakapofika mahali pasipo na ukuta. Aliyezoea kupoteza kila siku kwa kubaki, mahubiri hayatamsaidia. Isitoshe, kuna watu wasiohusika kabisa na mjadala wa malezi: mtoto wa shule anayevuka, abiria aliyelala kiti cha dirishani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 1.19 walikufa barabarani mwaka 2021, zaidi ya nusu yao wakiwa watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na wa pikipiki, na kwamba kwa walio kati ya miaka 5 na 29 barabara ndiyo inayoongoza kwa kuua. Hatuna haki ya kuwaambia wasubiri tabia zibadilike kizazi hadi kizazi.

Pingamizi la pili ni kwamba kizuizi chenyewe kinaua. Ni kweli kinaweza. Ukuta ulioanza ghafla bila alama wala rangi ya kung'aa ni mtego kwa dereva wa usiku, na ncha ya chuma cha pembeni isiyozikwa ardhini wala kuinamishwa inaingia ndani ya gari kama mkuki. Hofu ya waendesha pikipiki nayo si ya kupuuzwa mahali ambapo bodaboda ni riziki ya vijana wengi. Nguzo za chuma ndizo zinazomvunja mtu aliyeteleza, kuliko waya au ukuta laini. Tathmini za Sweden zilionyesha kuwa hata waendesha pikipiki, kwa jumla, walinufaika na barabara zilizotenganishwa, kwa sababu hatari kubwa ya mpanda pikipiki ni gari linalokuja mbele yake. Jibu la haki kwa pingamizi hili ni ubora wa kazi. Kizuizi kiwekwe na wahandisi wanaofuata viwango, kiwe na rangi inayorudisha mwanga, mwanzo wake uwe wa mteremko, na mkandarasi asilipwe kabla ncha hizo hazijakaguliwa. Mawe makubwa yaliyopakwa chokaa na kupangwa katikati ya lami, au mapipa yaliyojazwa mchanga na kuachwa hapo miaka mitatu, ni hatari mpya iliyovaa nguo za usalama.

Lakini pingamizi lililo zito kuliko yote ni la watu wanaoishi kandokando. Barabara kuu zetu nyingi zinapita katikati ya vijiji na mitaa: upande mmoja kuna shule, upande wa pili kuna kisima, zahanati, soko, msikiti. Ukiweka ukuta wa kilomita tatu bila pa kuvukia, umewaambia watu wale kwamba mwendo wa wasafiri una thamani kuliko maisha yao ya kila siku, na watakujibu. Barabara ya Nairobi kwenda Thika, iliyozinduliwa rasmi mwaka 2012, ilionyesha hilo mapema. Njia zilikuwa nyingi, magari yakaenda kasi, madaraja ya waenda kwa miguu hayakuwa yamekamilika yote au yalikuwa mbali na pale watu waliposhukia matatu, na watu wakawa wanavuka chini, wakiruka vyuma vya katikati. Wengi walilaumiwa kwa uvivu. Mama mwenye mzigo kichwani na mtoto mgongoni, anayetakiwa kutembea nusu kilomita kwenda darajani, kupanda ngazi, kushuka, kisha kurudi nusu kilomita nyingine, anapiga hesabu ileile anayopiga dereva kwenye foleni. Na vivyo hivyo kwa magari: mahali pa kugeuzia pakiwa mbali mno, mwenye bajaji ataendesha kinyume na mkondo kandokando ya ukuta, na umebadilisha kosa moja kwa lingine baya zaidi. Hapa ndipo Sweden inaporudi. Kila mahali kizuizi kinapofunga njia ya zamani, lazima kwanza kihesabiwe kinafungua ipi, kwa umbali gani, kwa nani. Kivuko cha usawa wa ardhi chenye taa na tuta, kilichowekwa pale watu wanapovukia tayari, mara nyingi kina maana kuliko daraja la fahari lililowekwa pale ramani iliporuhusu. Gari la wagonjwa na la zimamoto lazima nayo yapewe milango yake, inayofunguka kwa ufunguo na yenye mtu wa kuutunza.

Suala la gharama halinichukui muda mrefu, isipokuwa kwa jambo moja. Chuma kinaibwa. Vyuma vya kando ya barabara na hata nguzo za alama huishia kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu, na hapo palipong'olewa panabaki uwazi usio na onyo, kwenye kona ambayo dereva alikwisha kuzoea kuwa ina kinga. Kenya ilifikia hatua ya kusimamisha biashara yote ya chuma chakavu mwanzoni mwa mwaka 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu, ikiwemo ya umeme, kuzidi. Miezi michache baadaye biashara ikaruhusiwa tena kwa masharti mapya. Ndiyo maana katika mazingira yetu napendelea zege popote udongo na upana vinaporuhusu, ingawa waya unasamehe gari zaidi na ni nafuu kujenga. Zege halina bei kwenye mzani, likigongwa mara nyingi halihitaji kubadilishwa, na linaweza kumwagwa na mafundi wa hapahapa. Kasoro yake ni maji: ukuta mrefu usio na matundu chini unageuza barabara kuwa bwawa wakati wa masika, na wakazi wataupasua kwa nyundo wakiwa na haki kabisa.

Swali linalobaki ni wapi pa kuanzia, maana hakuna nchi ya kwetu inayoweza kutenganisha barabara zake zote. Ningeanza na milima na kona zenye historia ya kugongana uso kwa uso, ambazo polisi wanazijua kwa majina na wanazo kumbukumbu zake. Kisha ningekwenda kwenye mita mia chache kabla ya makutano makubwa ya mijini, kwa sababu hapo ndipo kutanua kunapolipa na hapo ndipo aliyetanua anapojipenyeza. Kitenganishi kifupi mahali hapo, kama kile cha Charlotte, kinaua faida ya kosa lote lililotangulia nyuma yake. Na pale barabara inapopanuliwa, kama ilivyofanywa kati ya Kimara na Kibaha, vivuko, mahali pa kugeuzia na vituo vya kushushia abiria viamuliwe kwa kuwahesabu watu wanaovuka kabla ya mkandarasi kufika. Hesabu hiyo inahitaji vijana wachache wenye kalamu na karatasi wakikaa kando ya barabara kuanzia alfajiri hadi usiku, siku ya kazi na siku ya gulio, na wakiandika ni wangapi wanavuka, wakitokea wapi, wamebeba nini.